Maswali ya Wasomaji: Mfumo wa Zamani Kwenye Tovuti Mpya

Swali: Kampuni yetu huuza vipuri vya magari kwa jumla katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Hesabu za stoo, ankara na madeni ya wateja zimo katika programu tuliyoandikiwa kwa FoxPro, lugha ya Microsoft ya kuunda programu za hifadhidata, mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo ingali ikifanya kazi vizuri. Wenye maduka wa Barabara ya Kirinyaga, Nakuru na Meru sasa wanataka kuona bei na bidhaa zilizopo kupitia simu zao. Fundi mmoja ametushauri tufungue ruta ili tovuti isome mafaili moja kwa moja, na mwingine asema tuutupe mfumo wote. Tumsikilize nani?
*Muuzaji wa jumla, Nairobi*

Jibu: Kwa sasa msimsikilize yeyote kati yao, ingawa wa kwanza ndiye wa kuogopwa zaidi. Programu ya FoxPro kwa kawaida huweka kumbukumbu zake katika mafaili ya DBF yaliyo kwenye folda inayotumiwa na kompyuta zote za ofisi, wala hakuna seva ya hifadhidata inayosimama katikati na kuuliza nani anasoma nini, hivyo anayeifikia folda hiyo amefikia kila kitu, madeni ya wateja yakiwemo. Isitoshe, mawasiliano yakikatika faili linapoandikwa, faharasa zake, yaani orodha zinazoiwezesha programu kupata kumbukumbu haraka, zaweza kuharibika na kulazimu zijengwe upya huku mauzo yamesimama. Microsoft nayo ilitoa toleo la mwisho la Visual FoxPro, mrithi wa FoxPro, mwaka 2004 na kuacha kulihudumia Januari 2015, kwa hiyo msitarajie kasoro za usalama zizibwe.

Fundi wa pili hakukosea kuhusu umri wa programu. Anachosahau ni kwamba ndani yake mna kanuni za biashara ambazo pengine hazikuandikwa mahali pengine popote, kama vile nani hupewa punguzo gani na nani hukopeshwa hadi kiasi gani. Kuziandika upya zote kwa mkupuo mmoja ni kazi ndefu, na wateja wenu wameomba jambo dogo zaidi.

Tengenezeni kaunta, stoo ibaki imefungwa. Programu ndogo iliyo ndani ya ofisi isome mafaili bila kuyabadilisha, tuseme kila baada ya dakika 15, kisha ipeleke nakala ya bei na idadi ya bidhaa kwenye hifadhidata ya kisasa iliyo kwenye seva ya tovuti. Muhimu ni kwamba mawasiliano yaanzishwe na ofisi kwenda nje, kwa maana hapo hamtahitaji kufungua ruta kwa mtu yeyote. Tovuti ioneshe saa ambayo idadi hiyo ilisomwa, ili mteja wa Meru asije akapanda gari kufuata breki zilizokwisha kuuzwa.

Maagizo ni suala gumu zaidi kuliko kusoma bei, nami ningeyaacha kwa miezi michache ya mwanzo. Yakianza, yasiandikwe moja kwa moja katika mafaili ya zamani. Yaingie kwenye foleni, karani ayahakiki, kisha yapelekwe katika mfumo kwa utaratibu uleule ambao karani huutumia mteja akipiga simu. Umeme ukikatika, agizo litasubiri bila kupotea. Mkiongeza malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, kila taarifa ya malipo itunzwe kwa namba yake ya muamala na ikataliwe ikija mara ya pili, maana mteja aliyelipa mara moja hafai kuandikiwa malipo mawili. Namba za simu pia zitawasumbua: Daraja hutumia zinazoanza na 254, ilhali nadhani makarani wenu wameandika 07 kwa miaka yote hiyo, na huenda mteja mmoja ameandikwa mara tatu kwa tahajia tatu. Usafishaji huo ufanywe na mtu anayewajua wateja. Fundi peke yake hatauweza.

Bei za wateja wa mkopo zisionekane mpaka mteja aingie kwa nenosiri lake, na madeni yasipelekwe kwenye seva ya nje ikiwa hakuna aliyeyaomba. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, data binafsi ikivuja na kuwaweka wahusika katika hatari ya kweli ya kudhurika, mtatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mjue.

Kubadilisha mfumo wote kutakuwa na siku yake, hasa faili lolote likikaribia gigabaiti 2, ambazo ndizo kikomo cha faili la DBF katika FoxPro. Kabla ya kumlipa fundi yeyote, mtafuteni aliyeiandika programu hiyo awape msimbo wake asilia, yaani maandishi aliyoiundia programu, na maelezo ya kila faili.