Msumeno mdogo wa kupogoa migrivelea shambani

Ndugu wa Masindi, umeuliza kama msumeno mdogo wa mnyororo unatosha kupogoa migrivelea na misizi, miti ya kivuli iliyo juu ya kahawa, au ununue mkubwa kabisa. Chukua mdogo. Kazi ya matawi huchosha mikono, na mkono uliochoka ndio unaoleta ajali. Mashine ya daraja la Stihl MS 170, injini ya sentimita za ujazo 30 hivi na uzito wa kama kilo 4, inakutosha. Bamba, yaani chuma kirefu ambacho cheni huzungukia, lisizidi sentimita 35. Mimi ningechukua 30, hasa kwa kuwa utakuwa unapita katikati ya mikahawa.

Msumeno wa mpini wa juu, yaani ule ambao mpini wake uko juu ya injini, usishawishike nao hata kidogo. Umetengenezewa wapanda miti waliofunzwa na wenye mikanda, na unamvuta mtu aushike kwa mkono mmoja. Ncha ya bamba ikigusa tawi jingine, mashine inaruka kukuelekea usoni kabla hujapepesa macho.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe cheni na plagi za mashine hiyohiyo zikiwa dukani. Asipokuwa nazo, tafuta duka jingine.

Nunua pia tupa ya mviringo ya milimita 4 ya kunolea, kama cheni ni ya aina ndogo ya mashine za daraja hili. Petroli changanya na oili ya tusitroki (ya injini za mipigo miwili), mililita 20 kwa lita moja, kama kitabu cha mashine kinasema 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja. Ukiona vumbi laini badala ya vipande vya mbao, simama unoe.