Gereji ya Shangazi: IST Yangu Inahitaji Petroli ya Bei ya Juu?

SWALI: Shikamoo shangazi fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani, na gari langu ni Toyota IST. Mwezi uliopita tulikwenda harusini Dar es Salaam, mimi, mama watoto, wakwe wawili na mizigo yao. Nilipokuwa nageuza kurudi, shemeji alinipeleka sheli moja yenye petroli ya aina mbili, ya kawaida na ya daraja la juu, hii ya pili ikizidi kwa shilingi 250 kila lita. Akaniambia ya kawaida itaiua injini yangu ndani ya miaka miwili. Nikajaza hiyo ghali, wakanijazia na upepo matairi yote, nikarudi peke yangu kwa kuwa wenzangu walibaki. Shangazi, gari lilikuwa jepesi mno! Sasa huku sijaiona pampu ya namna hiyo na kila nikijaza moyo unanidunda. Halafu kuna Mmarekani nimemwona kwenye simu anasema petroli ya 91 ndiyo ya daraja la juu. Nifanyeje?
Mwalimu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo usikudunde. Mmekwenda Dar watu wanne na mizigo ya harusi, matairi yamelegea. Umerudi mtu mmoja, matairi yamejaa upepo. Hapo hata ungetia ileile petroli ya siku zote, gari lingekuwa jepesi. Wepesi huo umeutafuta kwenye tangi, kumbe ulikuwa kwenye viti na kwenye magurudumu.

Nataka nikueleze vizuri hii namba wanayoiita okteni, maana nimeona watu wengi wazima, wenye akili zao, wakidhani ni kipimo cha nguvu, kama chai ya rangi na chai ya majani mengi. Sivyo. Ndani ya silinda, pistoni inapopanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi inatoa cheche na moto unasambaa kwa utaratibu. Kitu chochote kikibanwa kwa ghafla hupata joto. Petroli isiyovumilia, ile iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndipo unaposikia gari likigonga, mlio mwembamba wa haraka, kama korosho zenye maganda zinazotikiswa ndani ya debe. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli inapobanwa, basi. Kipimo kilibuniwa miaka ya 1920: kimiminika kimoja kinachogonga upesi, heptani, kikapewa 0, na kingine kinachovumilia sana, isooktani, kikapewa 100. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isooktani kati ya 100.

Sisi watu wa Mtwara tuna mfano wetu nyumbani. Gesi inayotoka Mnazi Bay, pale Msimbati, karibu yote ni methani, na okteni ya methani ni kama 120. Hakuna petroli ya pampu inayofika huko. Sasa muulize dereva yeyote aliyefungiwa mtungi wa gesi kwenye gari lake la petroli: atakwambia gharama imeshuka, lakini kwenye mlima gari limepungua nguvu kidogo, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Okteni imepanda hadi 120 na nguvu zimeshuka! Kama okteni ingekuwa nguvu, bajaji ya gesi ingekipita kila kitu barabarani.

Injini ya IST ya lita 1.5, ile mafundi tunayoiita 1NZ, inabana kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, na Wajapani waliitengeneza itumie petroli yao ya kawaida. Petroli ya kawaida ya Japani, kwa viwango vyao, inaanzia okteni 89. Ndiyo iliyokuwa ikinywa gari lako kabla halijapanda meli. Kompyuta yake haina namna ya kuvuna faida kutoka kwenye uvumilivu usioutumia. Ni sawa na kumpa ngazi ya futi ishirini mtu anayechuma mapera ya mti mfupi.

Kuhusu Mmarekani wako: hakukudanganya, ila Wamarekani wanapima kwa kipimo kingine. Kuna njia mbili za maabara za kupima okteni, moja ya upole na moja ya ukali. Sisi, Wajapani na Wazungu wa Ulaya tunaandika namba ya ile ya upole. Wamarekani wanajumlisha zote mbili na kugawa kwa mbili, hivyo namba yao inaonekana ndogo. Ile 87 yao ya kawaida ni kama 91 au 92 kwa hesabu yetu. Watu wengi wametiwa hofu na jambo hili dogo.

Piga hesabu nawe, maana mwalimu hesabu ni zako. Lita 40 kwa shilingi 250 za ziada ni shilingi 10,000. Ukijaza mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka ni 240,000. Hela hiyo inunue plagi nzuri, fyuleta ya hewa na oili kwa wakati wake. Hivyo ndivyo vinavyorefusha maisha ya injini. Kweli, petroli ya bei ya juu mara nyingi huongezwa dawa ya kusafisha nozeli, na si uongo kwamba inasafisha. Lakini injini yako haigongi, haikohoi, na nozeli zikichafuka tunazifungua na kuziosha.

SWALI: Dada fundi, habari za kazi. Nina Subaru Forester ya tabo, nipo Lindi mjini, nafanya biashara ya vitenge. Nikiwa napanda kwenda Newala kutokea Masasi, gari limejaa mzigo, jua kali, nasikia sauti kama alivyosema fundi wangu, "inagonga". Yeye anataka kufungua injini. Wengine wananiambia ni mafuta. Nimsikilize nani?
Mama Vitenge, Lindi

JIBU: Salama mama. Mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Wewe ni yule mtu ambaye jibu langu kwa mwalimu halimhusu.

Nenda kwenye gari sasa hivi, fungua kifuniko cha tangi na usome kibandiko cha ndani. Magari yetu mengi yametoka Japani na kibandiko bado kipo kwa Kijapani. Piga picha, simu itakutafsiria. Ukikuta neno linalosomeka "haioku", maana yake gari limeundwa kwa petroli ya okteni ya juu, ambayo kwa Japani inaanzia 96. Forester nyingi za tabo ndivyo zilivyo. Tabo inasukuma hewa nyingi kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo mchanganyiko unabanwa mara mbili, na tabo mwanzo, pistoni baadaye. Ukiongeza mzigo, jua la saa nane na mlima ule wa Newala, umekusanya kila kitu kinachoifanya petroli ikose subira.

Usihukumu kwa jina la gari, hukumu kwa kibandiko. Chukua Mark X ya lita 2.5. Ile ya kwanza, iliyotoka 2004, iliundwa kwa haioku na ilikuwa na nguvu za farasi 215. Ilipobadilishwa umbo mwaka 2009, injini ya lita 2.5 ikarekebishwa itumie petroli ya kawaida, nguvu zikashuka hadi 203. Jina moja, mahitaji mawili.

Gari la kisasa lina sensa ya kusikiliza mlio huo wa kugonga. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche ili kuinusuru injini. Hivyo hulipui kitu siku ya kwanza, ila utaona gari limekuwa zito na linakunywa zaidi. Lakini kama sauti unaisikia wewe mwenyewe kwa masikio, ujue sensa imeshindwa kazi au imekufa, na ukiendelea hivyo pistoni inaweza kutoboka. Kwa gari lako petroli ya okteni ya juu si anasa. Ukiwa Dar jaza hiyo. Ukiwa huku ambako huipati, panda mlima kwa gia ndogo bila kukandamiza mafuta hadi chini, punguza mzigo, na safari ya Newala ianze alfajiri. Kisha muombe fundi apime sensa, aangalie plagi kama ni za joto linalotakiwa, na rejeta kama inapoza. Kaboni iliyoganda juu ya pistoni nayo inaongeza mbano.

Lipo jambo moja linaniuma na nalisema kila mwaka. Miaka ya nyuma, kabla sijawa na gereji yangu pale Chuno, alikuja mzee mmoja na Carina inayogonga. Nilimfungulia injini. Nikabadilisha ringi, nikasaga valvu, akalipa hela ya korosho za msimu mzima. Wiki mbili baadaye gari likagonga tena vilevile. Ndipo nilipotoa mafuta kwenye tangi, nikayamwaga kiganjani: hayakukauka kama petroli inavyokauka, yakaacha unyevu wa mafuta na harufu ya koroboi. Yalichanganywa mafuta ya taa. Mafuta ya taa okteni yake iko chini sana, hata kidogo tu kinaiharibu petroli nzima. Yule mzee nilimrudishia ufundi wangu, lakini vipuri nisingeweza. Tangu siku ile sifungui injini inayogonga kabla ya kunusa tangi.

Wakati huo uchakachuaji ulikuwa umeshamiri nchi nzima. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani dawa ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida, jambo lililowaumiza waliokuwa wakitumia koroboi na jiko la mchina, ila upande wa magari lilisaidia. Siku hizi hatari niionayo zaidi ni petroli ya chupa barabarani. Mama, ukitoka Lindi jaza tangi mjini, kwenye sheli yenye magari mengi, dai risiti, na usitie tabo yako petroli iliyoota jua kwenye chupa ya maji tangu juzi.

SWALI: Fundi, kijana wangu yupo Marekani, anasema kule tofauti ya bei kati ya petroli ya kawaida na ya daraja la juu imekuwa kubwa sana. Kwa nini, na itatufikia?
Mstaafu, Nachingwea

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli. Kwa miaka mingi tofauti ilikuwa karibu senti 20 za dola kwa galoni, sasa imepita senti 50. Okteni inatengenezwa kwa gharama kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Masharti ya kuondoa salfa yanapunguza okteni, kwa hiyo inabidi irudishwe. Na magari ya tabo, yaani injini ndogo yenye kusukumiwa hewa, yameongezeka. Wanaoitaka wengi, kuitengeneza ghali. Zamani walipandisha okteni kwa urahisi kwa kutia madini ya risasi, ugunduzi wa Thomas Midgley wa mwaka 1921, na sumu hiyo tumeivuta mpaka nchi zetu za kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia mwanzo wa 2006. Heri bei kuliko ile.

Lakini hata huko wengi wanalipa bure. Mwaka 2016 chama chao cha wenye magari, AAA, kilikadiria kwamba madereva walipoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kutia petroli ya juu kwenye magari yasiyoihitaji. Huku kwetu bei kikomo ya EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara yana hesabu yake, mbali na ya Dar na Tanga. Wewe Nachingwea unaongezewa nauli ya lori, kwa hiyo usilinganishe bei yako na ya Mtwara mjini ukadhani umeibiwa.

SWALI: Shangazi, mimi ni bodaboda Tandahimba. Kuna jamaa anauza kichupa cha kuongeza okteni, na mwingine ananiambia nitie vidonge vya nondo, vile vya kufukuza wadudu kwenye nguo, kwenye tangi. Kipi bora?
Boda, Tandahimba

JIBU: Hakuna, mwanangu. Pikipiki yako mbano wake ni mdogo na petroli ya kawaida inaitosha. Vidonge vya nondo ukivitia kesho utanilipa mimi kufungua kabureta iliyoziba. Hiyo hela ya kichupa nunua oili, maana oili ya pikipiki za Tandahimba ninazoletewa hapa inatoka nyeusi kama lami, na ukimaliza kumwaga ya zamani, fungua na chujio la hewa ulikung'ute vumbi la ile barabara ya mashambani.