Neno lililokosa tafsiri: ninavyofundisha vijana ubaguzi wa rangi kwa ushairi

Mwalimu mwenzangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Una vijana wa kidato cha pili, miaka 14 hadi 16, na kati yao yumo kijana mwenye asili ya Kihindi ambaye wenzake humwambia "rudi kwenu" kila anapowapita kwenye mtihani. Umepewa vipindi vinne vya klabu, unapenda ushairi, unauliza uanzie wapi. Waliotangulia kukujibu wamekuambia uwachape, au uachane nalo kwa kuwa watoto ni watoto. Siafiki hata kimoja. Nafundisha Kiswahili hapa Morogoro, huu ni mwaka wa 19, na jambo hili nimelifanya, nikakosea, nikarudia. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Mwaka wa kwanza nilianza na shairi la Shaaban Robert kuhusu rangi zetu. Shairi zuri, na aliyelitunga alikuwa karani Mwafrika katika serikali ya mkoloni, kwa hiyo alijua anachokisema. Lakini vijana wangu waliliona kama shairi la mtihani. Walihesabu mizani, wakataja vina vya kati na vya mwisho, wakaandika dhamira ni "umoja na usawa", nikawapa vema. Kengele ya mapumziko ilipolia niliwasikia nje, chini ya mwembe, wakiitana majina yaleyale ya siku zote. Kosa halikuwa la Shaaban Robert. Niliwapa shairi ambalo jibu lake walishalijua kabla hawajalisoma, na kijana akishajua mwalimu anataka kusikia nini, atakupa hicho hicho na moyo wake ataubakiza mfukoni.

Kosa la pili linaniuma hadi leo. Darasani nilikuwa na kijana mwenye ualbino, mpole, msomaji mzuri kuliko wote. Nikamwita mbele asome shairi la mtu aliyebaguliwa kwa ngozi yake. Nilidhani namheshimu. Akasoma vizuri, hakukosea neno, akarudi kukaa. Wiki mbili zilizofuata hakuja klabu. Nilipomfuata akaniambia, "Mwalimu, wote walikuwa wananiangalia mimi, hawakuwa wanasikiliza shairi." Nilimwomba radhi, na ninakuomba wewe usirudie. Huyo kijana wako wa Kihindi asiwe mfano wa somo. Asiulizwe anajisikiaje mbele ya watu. Akitaka kusema atasema, na asipotaka, akae kama wengine na ashughulike na shairi kama wengine.

Kilichonifungulia mlango ni shairi fupi sana la Kimarekani. Mtunzi ni Countee Cullen, mmoja wa washairi weusi wa Harlem, New York, na lilitoka katika kitabu chake cha mwaka 1925, akiwa kijana wa miaka 22. Lina beti tatu, kila ubeti mishororo minne, na Kiingereza chake ni chepesi, kidato cha pili wanakimudu. Mtoto mweusi wa miaka minane yuko safarini katika mji wa Baltimore, amejaa furaha. Anamwona mtoto wa Kizungu, mdogo kama yeye, anamkodolea macho. Anamtabasamia. Yule anamtolea ulimi na kumwita kwa lile tusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwatusi nalo watu weusi. Halafu mshairi anasema aliuona mji wote wa Baltimore kuanzia Mei hadi Desemba, na katika yote yaliyotokea huko, anachokikumbuka ni hicho tu.

Basi. Shairi halisemi kuwa ubaguzi ni mbaya, na hakuna anayelia ndani yake.

Sikuwaomba walichambue. Niliwaambia tulitafsiri liwe tarbia, mizani 16, vina viwili, kama wanavyofanya washairi wetu. Nilikuwa na vijana 14 kwenye klabu. Wakagawana beti, wakaanza kubishana kama mafundi. Mmoja anataka "mtoto mwenzangu", mwingine anasema mizani imezidi. Ubeti wa kwanza ukamalizika kwa nusu saa. Kwenye ubeti wa pili wakakwama, kwa sababu kuna neno moja ambalo lazima lipatiwe Kiswahili chake.

Kijana mmoja akasema tuweke "mtu mweusi". Binti aliyekaa nyuma akakataa: "Hilo si tusi, mimi ni mtu mweusi na sijaumia." Mwingine akasema "mtumwa". Wakalipima. Likaonekana linakaribia, lakini mtoto wa miaka minane leo akiitwa mtumwa barabarani huenda akacheka tu. Wakataka neno ambalo mtoto wa Kitanzania akiitwa atakumbuka kuanzia Mei hadi Desemba. Nikanyamaza. Nakushauri na wewe hapo unyamaze, hata ukiwa na jibu. Nilichofanya ni kugawa vipande vya karatasi na kusema: kila mtu aandike neno alilowahi kuitwa, au alilowahi kumwita mwenzake, ambalo lingefaa kukaa hapo. Hakuna kuandika jina lako.

Nikakusanya, nikaanza kuyaandika ubaoni bila kusema kitu. Mkaa. Giza. Zeruzeru. Chotara. Mkimbizi. Nyani. "Mhindi koko." Yapo mawili siwezi kuyaandika hapa jukwaani. Chaki ilikuwa inagonga ubao na sauti nyingine hakuna. Unajua darasa la vijana hawa, kimya si kitu chao, ila siku ile nilisikia hadi pikipiki zikipita barabarani. Hayo maneno wote waliyajua, waliyasema kila siku na wakicheka, lakini hawakuwahi kuyaona yamepangwa mstari mmoja, yakitafutiwa nafasi katika shairi la mtoto mwingine aliyeumizwa miaka mia moja iliyopita.

Karatasi ya mwisho haikuwa na neno. Ilikuwa imeandikwa: "Nilikuwa darasa la tatu. Silisemi."

Hapo ubishi ukaanza upya, na ubishi huo ulifundisha kuliko mihadhara yangu yote. Kundi moja likasema tuandike "lile jina" tu, msomaji ajaze mwenyewe lake. Kundi la pili likasema hapana, Cullen hakuficha, alilitaja waziwazi ili msomaji naye alipokee usoni, na tukilifunika tunamsaidia aliyetukana. Kila upande una hoja, na mpaka leo sijaamua. Klabu ilimaliza kwa kuandika tafsiri mbili, moja ya hivi na moja ya vile, zikabandikwa pamoja.

Ndiyo maana nasema tafsiri inashinda kukariri. Kijana akisoma tu, anasimama nje ya dirisha. Akitakiwa kuchagua neno, lazima aingie ndani ya kinywa cha aliyetukana na ndani ya sikio la aliyetukanwa, kwa sababu bila hivyo hatajua neno gani linatosha.

Sasa, usiishie hapo, na hapa ndipo naona walimu wengi tunapokosea. Kijana akielewa kuwa tusi linauma, bado hajaelewa ubaguzi wa rangi. Atadhani ni suala la adabu, watu wakiacha matusi limekwisha. Ubaguzi umekuwa sheria, umekuwa mshahara, umekuwa mlango wa shule. Hapa kwetu kabla ya Uhuru shule zilikuwa za mafungu matatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila fungu na majengo yake na fedha zake, na la Waafrika chini kabisa. Majirani zetu Kenya, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya kumtambulisha ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Waambie wanafunzi wako watunge ubeti mmoja kuhusu hicho kikopo tu: uzito wake, sauti yake mtu akitembea, kinavyopata moto juani. Wasitaje ukoloni wala uhuru. Nimejaribu, na beti zilizotoka zilinishangaza.

Kwa kijana wako wa Kihindi jambo hili lina uzito wa pekee. Mfumo ule wa mafungu matatu ulimweka Mhindi katikati, juu ya Mwafrika na chini ya Mzungu, na chuki nyingi iliyobaki kwenye midomo ya watoto wetu wameirithi kutoka kwa babu waliokuwa wakipunjwa dukani. Usiifiche historia hiyo, vijana watajua unawadanganya. Waambie pia "rudi kwenu" iliwahi kuwa amri ya nchi: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Vijana wangu walimjua Idi Amin kama mtu aliyetuvamia Kagera, adui. Nilipowaeleza habari ya siku 90, kijana mmoja, msemaji mkubwa wa "rudi kwenu", aliuliza polepole, "Kwa hiyo mimi ninasema maneno ya Amin?" Sikumjibu. Aliandika ubeti wake siku ile akiwa ameinamia daftari muda wote.

Kwa kuwa tuko Morogoro tuna bahati nyingine. Mazimbu, kwenye ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Leo hapo ni kampasi ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Huwapeleka wanafunzi wangu kwenye makaburi ya Waafrika Kusini yaliyoko pale. Wengi wao hupita na daladala kila siku na hawajawahi kuambiwa. Kabla ya kwenda ninawaeleza jambo moja: wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sababu walilazimishwa kusoma masomo kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Vijana wanaolia kila siku na hisabati kwa Kiingereza wanalielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia! Tukifika, kazi ni moja: chagua kaburi moja, simama dakika kumi, usiandike kitu. Kuandika ni baadaye, shuleni.

Kama uko mbali na Morogoro, mtafute mzee. Kila mji una mtu anayekumbuka duka alilokatazwa kuingia au mlango aliotakiwa kupitia nyuma.

Kuna jambo moja nakukataza kabisa, maana nimeliona likifanyika: usiwape vijana igizo la bwana na mtumwa, au kuwagawa darasani hawa wabaguzi hawa wabaguliwa. Wanaocheza bwana hufurahia mno, na wanaocheza mtumwa wanatoka na jina jipya la kutaniwa muhula mzima. Ushairi unatosha. "Mimi" ya shairi inamruhusu kijana kuvaa nafsi ya mwingine bila mtu kumgusa.

Kipindi cha nne waache watunge yao. Binti mmoja, sina haki ya kusema ni nani ila aliniruhusu nitumie ubeti wake popote, aliandika hivi:

*Nilipotumwa sokoni, nyanya zangu nikashika,*
*Akacheka mlangoni, jina moja 'katamka,*
*Nyanya zikafika chini, sita zote kupasuka,*
*Nimesahau thamani, jina lile nakumbuka.*

Utaona Cullen yumo mle ndani, lakini nyanya ni zake mwenyewe. Niliposoma "sita zote" nilisimama. Mtoto aliyehesabu nyanya zilizopasuka hatungi jambo la kusimuliwa. Wenzake walimwomba ausome tena, naye akausoma, na mara ya pili walikuwa wanasikiliza shairi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama utaona mabadiliko: usitegemee muujiza wa vipindi vinne. Kwangu matusi hayakwisha. Kilichobadilika ni kwamba mmoja akitamka, kuna anayesema "hilo ni la ubaoni", na mara nyingi mtamkaji anakatisha. Wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba nawafundisha watoto matusi. Niliwakaribisha wakae, nikawasomea shairi la nyanya, tukazungumza vizuri tu.

Mwisho, dokezo la vitendo. Siku ya karatasi, nunua kalamu za aina moja, buluu zote, ugawe mwenyewe, na uwaambie waandike kwa herufi kubwa. Mwaka mmoja niliwaacha watumie zao. Karatasi moja ilikuwa ya wino wa kijani, na darasa zima lilijua kalamu ile ni ya nani.