Maswali ya wasomaji: Mwaka 1889 nani angesema "sina hela"?

Toleo lililopita tulichapa sura ya kwanza ya riwaya yangu mpya, ile ya Vita vya Maji Maji, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wengine mmeandika, wengine mmetuma sauti za WhatsApp ndefu mpaka nyingine nimezisikiliza nikiwa nasonga ugali, nawashukuru sana. Yote siwezi kuyajibu, nimechukua yale yaliyoulizwa na wengi na mawili matatu yaliyonigusa.

Shikamoo mwalimu. Mimi nami naandika, nataka stori ya mji wetu enzi za Mjerumani. Tatizo wahusika waongeeje? Wakiongea kama sisi inakuwa uongo, wakiongea Kiswahili cha kale nani ataelewa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha Pangani, 1889, vita vya Bushiri, yule aliyepigana na Wajerumani pwani, mwaka ule ule aliponyongwa mwezi wa Desemba. Kuna mahali kijana anamwambia mchuuzi wa samaki "sina hela". Hiyo sentensi nimeipitia sijui mara ngapi, mhariri naye kaipitia, hamna aliyeshtuka. Kitabu kimetoka, miezi miwili baadaye napata barua ya mzee mmoja wa huko huko Pangani, ya kuandikwa kwa mkono, mistari minne tu: hela ni heller ya Mjerumani, imeletwa 1904, huyo kijana wako kaitoa wapi? Nikakaa na ile barua mchana kutwa. Mzee kasema kweli. Zamani hizo kulikuwa na rupia na pesa, na Mjerumani mwenyewe alivyoingia rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka 1904 ndo ikaja rupia ya heller 100, watu wakaigeuza mdomoni ikawa hela, Mjerumani kaondoka, sarafu yake imekufa, neno tumebaki nalo.

Tangu hapo nina kauntabuku la maneno tu. Neno nikilitilia shaka naliandika na mwaka wake pembeni. Shule nayo ni ya Mjerumani, kabla yake mtoto alikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Shilingi ni ya Mwingereza, baada ya vita vya kwanza. Lakini usije ukapitiliza ukaanza kuandika kama utenzi, msomaji atakukimbia. Mimi naondoa neno ambalo lilikuwa halijazaliwa, basi, yaliyokufa siyafufui. Ukitaka mtu asikike wa zamani angalia anataja vitu gani. Mwanamke wa Umatumbi, huko Maji Maji ilikoanzia, mwaka 1905 akilalamika kaniki yake imechanika na merikani, ile nguo iliyokuja na meli za Wamarekani ikaitwa hivyo, dukani hainunuliki, msomaji ashajua yuko wapi, huhitaji kumpa somo.

Na wewe wa Tanga una mali. Reli yenu imeanza kujengwa 1893, Korogwe imefika 1902, kwa hiyo mhusika wako anapanda treni wakati wangu wa Dar akitaka kwenda Morogoro mwaka 1905 anatembea kwa miguu, treni ilifika huko 1907. Hata gazeti la Kiongozi lilikuwa linachapwa hapo hapo Tanga. Vitumie.

Mwalimu, ile ya Kinjikitile kuzama majini usiku kucha na ndugu zake wanamsubiri ukingoni ni historia au umetunga? Nauliza kwa sababu mwanangu yuko kidato cha pili na nimempa asome. (Mzazi, Morogoro)

Vyote viwili mzazi mwenzangu, ngoja nikuonyeshe nilipounga.

Habari yenyewe haikutoka kwenye mafaili ya Wajerumani, imetoka kwa wazee wa Umatumbi waliohojiwa miaka ya 1960, na 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kuwasikiliza waliokuwa bado hai, na kwa upande wa Kinjikitile kazi ya mwanahistoria Gwassa ndo kubwa kuliko zote. Wazee wanasimulia hivi: mwaka 1904 pale Ngarambe, Rufiji, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kwenye kidimbwi cha mto. Ndugu zake wanaojua kuogelea wakapiga mbizi wasimwone. Wakangoja. Kesho yake asubuhi akatoka mzima, nguo zake kavu, akaanza kutabiri. Mwanahistoria akifika hapo anaendelea na mambo ya dawa, yale maji na mbegu za mtama, halafu watu wa kijiji cha Nandete wanang'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905, vita vimeanza.

Mimi sikuweza kuendelea. Nilikwama kwenye hilo neno, wakangoja. Walingoja vipi? Walikoka moto? Nani alikuwa wa kwanza kusema jamani turudi nyumbani, na nani akamkatalia? Nimekaa na hiyo chapta miezi saba haiendi, naandika nafuta, mpaka nikaamua kupanda basi kwenda Rufiji. Nikapata kwa kulala kijiji kimoja karibu na mto, nikawaomba wenyeji nikae nje usiku, wakanishangaa lakini wakanipa kijana wa kukaa na mimi na tochi. Ilipofika saa nane umande umelowesha khanga yangu mpaka naikamua, na kule majini viboko wanapumua. Hawakulia, ni pumzi tu, fuu, kimya, halafu tena fuu upande mwingine. Hapo ndo nikawaona wale ndugu. Kila kiboko akipumua wanaruka, wanadhani mtu wao kaibuka.

Basi hiyo ndo niliyotunga. Na yule dada yake anayekataa kuondoka ukingoni ni wangu, usimtafute kwenye vitabu vya historia hayupo. Pepo, kidimbwi, kupiga mbizi, nguo kavu, hivyo sikuvigusa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita havijamaliza hata mwezi, na siwezi kumwongezea hata siku moja eti kwa sababu stori ingenoga, ingawa ingenoga kweli. Ebrahim Hussein kwenye tamthilia yake ya 1969, Kinjeketile, alijipa uhuru mkubwa zaidi, ila kwenye utangulizi alisema wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, sio yule wa historia. Hilo namheshimu nalo sana, kamwambia msomaji mapema. Mwambie mtoto asome, akimaliza akuulize mshono uko wapi, wewe sasa unajua.

Naandika kutoka Berlin, nasoma huku. Ni waandishi gani waliokuvuta kwenye kazi hii? (Msomaji wa kike, Ujerumani)

Dada, unatembea mji aliokufa mwalimu wangu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Bagamoyo, akaja huko Berlin kufundisha Kiswahili, na 1903 Mjerumani Carl Velten akachapa Desturi za Wasuaheli ambayo sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Mtoto anazaliwa vipi, harusi, ngoma, mgonjwa anaaguliwaje, msafara unafungwaje kwenda bara, yote kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia humo. Nikitaka kujua mgeni alikaribishwa kwa maneno gani nafungua hapo kwanza. Alioa mwanamke wa Kijerumani, 1905 wakapanda meli warudi Afrika Mashariki, serikali ya koloni ikamkatalia mke kushuka, wakageuza. Mwaka huo huo wa Maji Maji! Amefariki huko 1927. Kuna riwaya nzima imelala hapo, na mimi naona ni ya mtu anayekaa huko kama wewe.

Mwingine ni mshairi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, ndo ulionipeleka Pangani. Na Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, ambaye kazi aliyoifanya inanitia uchungu kila nikimsoma, watu wameuzwa, vijiji vimechomwa, lakini kaacha maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na humo unamsikia mfanyabiashara anavyohesabu pembe bila kusita. Huwezi kumwandika mtu wa namna ile kama hujamsikia akihesabu.

Mwalimu hivi riwaya inalipa? Nataka kuacha kazi niandike. (Msomaji, Mwanza)

Usiache kazi. Nakwambia kwa mapenzi. Mimi nimefundisha sekondari muda wote huu na mshahara ndo uliolea watoto. Mkataba wangu mrabaha, yaani fungu langu la mauzo, ni asilimia 10, kitabu cha kwanza mchapishaji alinizungusha miaka mitatu, kila nikiuliza naambiwa mauzo bado yanahesabiwa, na mkataba wangu haukuwa na kipengele cha kumbana. Sasa hivi sisaini kama haujaandikwa ni nakala ngapi zinachapwa na hesabu naletewa lini kila mwaka. Na wewe fanya hivyo, hata kama mchapishaji ni rafiki yako.

Kuna tuzo siku hizi, miaka yetu hazikuwepo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell imeanzishwa 2014, sasa inaitwa Safal-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imetolewa mara ya kwanza 2023. Peleka mswada, lakini bajeti ya nyumbani usiipange kwa kuitegemea tuzo.

Unaandika saa ngapi, na kwa mkono ama kompyuta? (Msomaji, Mombasa)

Saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili, kwa mkono, kwenye kauntabuku. Jumamosi nachapa. Likizo za shule nakwenda Upanga kwenye Nyaraka za Taifa na penseli yangu, mafaili mengine ni mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi, kwa hiyo kuna ukurasa mmoja unakula siku nzima.

Vitabu vya Maji Maji ni wanaume na mikuki tu. Mama yangu anasimulia kuhusu bibi wa bibi yake, alikimbilia porini na watoto, kafunga mbegu za mtama kwenye pindo la kaniki, hata njaa ilipokaza hakuzila, ndo wakaja kulima nazo. Hawa mbona hamuwaandiki? (Msomaji, Songea)

Una haki kabisa, na swali lako nimelisoma nikalirudia. Mafaili niliyoyapitia mimi yanahesabu bunduki, yanahesabu mateka na waliouawa. Tarehe 27 Februari 1906 hapo kwenu walinyongwa watu 67, tunayo idadi, tunayo siku. Lakini vita ile iliua wengi zaidi kwa njaa kuliko risasi, jeshi la Mjerumani lilichoma mashamba na maghala makusudi, na njaa haikuwa na karani wa kuandika majina. Rais wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, nilimsikiliza, nilikuwa nalia. Halafu nikajiuliza yule mama aliyekuwa na watoto porini nani kamtaja.

Kwenye riwaya yangu yupo mwanamke anayekimbia, ila sikumpa mbegu, sikujua. Nimempa chumvi. Sasa kila nikiisoma hiyo sehemu naona chumvi haitoshi, maana chumvi inaliwa ikaisha, na huyo bibi yenu kashika kitu cha msimu unaofuata huku watoto wanalia njaa. Kitabu hakijaenda mtamboni bado. Februari nakuja Songea kwenye kumbukumbu, mama yako akiridhia naomba nikae naye anisimulie anavyokumbuka, na kama kuna jina la huyo bibi naomba nilijue, hata kama hatataka niliandike. Acha namba kwa mhariri, nitapiga mwenyewe.