Ndege ya mabawa ya ghorofa: rangi kwanza, gundi baadaye

Modeli yangu ya kwanza ya ndege yenye mabawa ya juu na chini niliigundisha yote, nguzo zote mahali pake, ndipo nikafungua kopo la rangi. Brashi haikupita. Kati ya bawa na bawa palikuwa na upana wa vidole viwili tu, na humo ndani nguzo zimesimama kama miti ya uzio. Niliambulia michirizi, matone, na alama ya kidole gumba changu kwenye bawa la kushoto. Ipo mpaka leo, nimeisukumia nyuma ya rafu.

Ya pili ilikuwa de Havilland Dragon Rapide, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ni ndege ya abiria ya Kiingereza, iliruka mara ya kwanza Aprili 1934: injini mbili za Gipsy Six, kiwiliwili cha plaiwudi, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Ndege yenyewe ina mita 14.6 toka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo modeli inakuja sentimita 20 hivi. Inakaa vizuri mezani, na haina nguzo nyingi za kumtisha anayejifunza.

Kabla ya kununua rangi, chagua ndege moja mahususi, yenye herufi zake za usajili, kisha utafute picha zake za zamani. Mimi nilivutwa na G-ACYR, ile iliyomchukua Franco, jenerali wa Kihispania, kutoka Visiwa vya Canary kwenda Moroko Julai 1936. Bado ipo, kwenye makumbusho ya ndege mjini Madrid. Ila tahadhari: ndege ya makumbusho huenda imepakwa rangi upya mara kadhaa. Picha ya enzi zake, hata kama ni nyeusi na nyeupe, naiamini zaidi.

Sasa rangi ya fedha, ambayo wengi wetu tunaikosea. Tunanunua ile inayong'aa kama sufuria mpya, tunasahau kwamba chini yake hakuna bati. Ni kitambaa kilichopakwa dawa yenye unga wa alumini, na unga huo uliwekwa ili jua lisikichome kitambaa. Mng'ao wake ni wa kufifia, unaelekea kijivu. Mimi huchanganya fedha na kijivu chepesi, karibu sehemu tatu kwa moja, na kwenye kifuniko cha injini, ambacho ni bati kweli, naiacha fedha tupu. Tofauti ni ndogo, lakini jicho linaiona.

Rangi yote hiyo ipakwe vipande vikiwa bado vimetengana. Bawa la chini ligundishe kwenye kiwiliwili, la juu liweke kando kabisa. Nguzo zipake zikiwa bado kwenye fremu yake, ile mifupa ya plastiki inayoshikilia vipande kwenye boksi, halafu kwangua rangi kwenye ncha, maana gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi. Stika za maji, zile za kulowekwa kabla ya kubandikwa, nazo ziweke sasa hivi, wakati bawa liko wazi, na utangulize vanishi ya kung'aa. Ukizibandika juu ya rangi yenye chengachenga, hewa inanaswa chini yake na pembeni panaonekana weupe. Vanishi ya kufifisha ije mwisho.

Madirisha ya Rapide ni mengi, yamepangana ubavuni kama ya basi. Usiyaguse kwa supaglu! Mvuke wake huyatia ukungu mweupe usiofutika, na nimeshaharibu seti nzima hivyo. Gundi nyeupe ya karatasi inatosha, ikikauka haionekani.

Kufunga bawa la juu ni kazi ya jioni nzima. Nilijenga kuta mbili za vipande vya Lego, nikalilaza juu yake, nikaingiza nguzo moja moja kwa kibano. Zile za karibu na kiwiliwili kwanza, nikaziacha zikauke usiku kucha, kisha za nje.

Zimebaki nyaya za kukaza mabawa. Matundu yake yalipaswa kutobolewa kabla ya rangi (mimi nilikumbuka nimechelewa). Waya wa milimita 7 kwenye ndege halisi unakuwa milimita 0.1 kwenye modeli, sawa na unywele mnene, kwa hiyo uzi wa kushonea ni kamba ya meli. Navuta plastiki ya fremu juu ya mshumaa hadi iwe uzi, nakata kwa urefu, nanasa ncha kwa tone la gundi nyeupe. Uzi ukilegea, washa njiti ya kiberiti, uizime na uisogeze karibu ikiwa bado ina joto: uzi unajikaza wenyewe mbele ya macho yako. Ukisogeza sana unakatika. Kwenye Rapide hii nimekata nyuzi nne.