Fizikia au siasa? Anti anajibu maswali yenu ya chuo

Shikamoo anti. Nimemaliza fomu siksi PCM, fizikia nina C, hesabu C, kemia D. Mzee anataka nikasome fizikia, anasema siasa ni maneno matupu na mtu wa PCM kwenda kusoma siasa ni sawa na kuuza ng'ombe ukanunue kuku. Ila mi toka O-level dibeti ndo kwangu, na bunge likiwa laivu sibanduki. Fizikia siichukii ila sijui kama ntaiweza miaka mitatu. Nifanyaje? (Kijana wa Songea)

Marahaba mwanangu. Mi nilisoma fizikia, na rumeti wangu alikuwa siasa na utawala wa umma, kwahiyo hizo kozi zako mbili nshalala nazo chumba kimoja. Tulikuwa tunachekana kila siku, mi namwambia we unasoma magazeti tu, yeye ananiambia nawe unabembeza kijiwe.

Na kweli nilikuwa nabembeza. Praktiko ya kwanza tulipewa uzi, kijipira cha chuma na stopuwochi, basi. Uzi ukiwa mita 1 kijipira kikienda na kurudi mara 20 unapata kama sekunde 40, unafupisha uzi unarudia, unafupisha tena, afu unachora grafu na kutoka kwenye mwinamo wa mstari unapata g, yani mchapuko wa mvutano wa dunia, ambayo wote mnaijua ni 9.8. Yangu ikatoka 10.8 na ushee. Nimekaa labu mpaka jioni narudia, wenzangu washaenda kula, kumbe nikikiachia kile kijipira nasema "moja" badala ya "sifuri", yani nilikuwa napima mizunguko 19 naiita 20! Kosa la mtoto wa chekechea ila nilivyolipata nilifurahi hadi njaa ikaisha.

Rumeti wangu wiki hiyohiyo kapewa swali la semina kuhusu Tume ya Nyalali ya 1991. Tume ilizunguka nchi nzima kuuliza watu, karibu asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja, bado tume ikapendekeza vyama vingi na 1992 vikaja. Kwanini, na je ilikuwa haki? Akaandika kurasa 8 kuanzia TANU, nzuri tu, mi nikazisifia. Zikarudi na maandishi mekundu pembeni: "Unasimulia, hujajenga hoja." Hakuna 9.8 ya kuifukuzia pale. Karudi laibrari, kasoma kwanini wengi kutokutaka kitu si lazima kumalize mjadala, wachache wana haki gani, kaandika upya mpaka saa nane usiku.

Kwahiyo mwanangu usichague kwa sababu ya dibeti. Siasa ya chuo sio bunge laivu, kuna wanafalsafa kina Hobbes na Locke kurasa kwa kurasa, kuna kozi ya utafiti yenye takwimu ndani yake, wanaokimbilia siasa kukwepa hesabu wanakutana nayo humohumo wanabaki wanashangaa. Jiulize tu, kati ya ile jioni yangu ya labu na ule usiku wa rumeti wangu, ni upi we ungekaa bila kulazimishwa?

Mi kwa C zako mbili ningeanza na fizikia, na sio kwa sababu ya ng'ombe wa mzee. Ni kwamba mlango huu unafunguka upande mmoja. Angela Merkel kasoma fizikia Leipzig akaja kuwa kansela wa Ujerumani 2005 mpaka 2021, Claudia Sheinbaum anayeongoza Mexico kaanza na digrii ya fizikia. Mwenye digrii ya siasa tupu akaenda kufanya masters ya fizikia sijawahi kumsikia. Na hapohapo kwenu Ruvuma kuna urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, atakayepima mionzi ni mtu wa fizikia, ila nani anafaidika na mkataba unasemaje hayo ni maswali ya siasa, na anayeelewa pande zote mbili hadanganywi kirahisi.

Mzee naye mwambie ukweli, ajira za fizikia hazijajaa barabarani, nyingi ni ualimu. Ziko pia hali ya hewa, vipimo, na hospitali ya Ocean Road pale Dar ambapo mgonjwa wa saratani akipigwa mionzi dozi yake inapigiwa hesabu na mtu wa fizikia, ila hiyo inataka usome zaidi ya digrii moja. Kabla hujajaza chochote soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, mstari wa kozi yenyewe, sio ule wa kaka yako wa mwaka juzi.

Anti habari. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza fizikia kapata sapu mbili (mitihani ya kurudia), analia anataka kuhamia siasa. Nimruhusu? (Mama Neema, Tabora)

Salama mama Neema. Muulize kwanza sapu za nini. Zikiwa za hesabu, basi fizikia bado hajaionja, maana mwaka wa kwanza wengi hawaangushwi na mekaniki, wanaangushwa na kalkulasi iliyo ndani yake. Atafute wenzake watatu wanne wafanye maswali ya miaka ya nyuma kwa mkono, sio kuangalia majibu na kuitikia kichwa. Afanye sapu kwanza, afu ndo mzungumzie kuhama. Na usimwambie siasa ni rahisi, akihamia na hiyo akili atasapu na kule.

Anti mi HGL (historia, jiografia na Kiingereza), naweza kusoma fizikia chuo? (Dullah, Tanga)

Hapana Dullah, bila fizikia na hesabu za advansi hawakuchukui. Labda urudi ukafanye hiyo mitihani kama praiveti kandideti, na hapo andaa moyo na hela ya tyusheni.