Nyimbo za Grateful Dead mikononi mwa bendi nyingine

Ndugu yangu, umeuliza kama bendi zilizorekodi upya nyimbo za Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, katika albamu ya Day of the Dead zimeziharibu. Kwa maoni yangu, hapana. Albamu hiyo ya mwaka 2016, yenye nyimbo 59, ilisimamiwa na Aaron na Bryce Dessner wa bendi ya roki ya The National kwa ajili ya Red Hot, shirika linalochangisha fedha za kupambana na UKIMWI.

Kundi la Grateful Dead lenyewe lilijulikana kwa kuubadilisha wimbo kila lilipopanda jukwaani, kwa hiyo anayeunakili noti kwa noti ndiye anayelikosea. Sikiliza Franklin's Tower ilivyopigwa na Orchestra Baobab ya Senegal: wimbo umejengwa juu ya mzunguko mfupi wa gitaa unaojirudia, na wakongwe hao, ambao wamepiga mahadhi ya Kikuba tangu miaka ya 1970, wameupokea kana kwamba ni wao tangu mwanzo. Tal National ya Niger nayo imeichukua Eyes of the World. The War on Drugs, bendi ya roki ya Marekani, kinyume chake, wamebaki karibu mno na asili katika Touch of Grey, nami ningependa wangethubutu zaidi. Anza na hizo mbili za Afrika.